Mbona Hii Mbogi Inadensi Badala ya Kupigana? Vile Muvi za Nyimbo Huchora Vita kwa Stepu

Cheki hii picha. Mbogi ya vijana imeegemea waya wa uwanja wa basketi, New York. Hakuna mtu anabonga. Wanapiga vidole tu, tak, tak, tak, macho yote barabarani. Wanatoka. Mwanzo ni ile kutembea ya kawaida ya wasee wanaojua mtaa ni wao. Alafu mmoja ananyoosha mkono kidogo, mwingine anaruka nusu stepu, na kabla ujue nini inaendelea mbogi yote iko hewani katikati ya lami, vidole vya miguu vimechongoka kama vya wasichana wa ballet.

Kama ni mara yako ya kwanza kucheki "West Side Story", hapo ndio unacheka. Usijali, watu wengi hucheka. Sisi tumelelewa na muvi za DJ Afro. Tunajua vita ni mateke, meza kuvunjika na steringi kuamka akijipanguza damu mdomoni. Sasa msee anakuja kukuchapa na ballet? Huyo si unamwachia tu huo mtaa aende nao?

Lakini kaa hapo dakika kumi zingine. Kicheko inaisha yenyewe, na unaanza kuhisi kitu kwa tumbo, kama ile siku umepita base ya watu hujui na wote wakanyamaza ukipita. Hakuna mtu amekugusa. Hakuna mtu amesema kitu. Lakini mwili wako umeshajua.

Hiyo ndio kazi ya densi kwa hizi muvi. Wengi hudhani stepu zimewekwa kupunguza makali ya vita, ndio mathe na watoto waweze kuangalia bila kufunika macho. Mimi naona ni tofauti kabisa. Ngumi ikishatua, stori ya ngumi imeisha. Densi inakuonyesha ile kitu ilikuja kabla: hasira, uoga, kujionyesha kwa mabeshte, na ule wakati mdogo mtu bado angeweza kurudi nyuma na akakataa.

Kwanza tuwekane sawa na stori. "West Side Story" ilianza jukwaani Broadway mwaka wa 1957. Muziki ni wa Leonard Bernstein, maneno ya nyimbo ni ya Stephen Sondheim, hadithi iliandikwa na Arthur Laurents, na Jerome Robbins alikuwa dairekta na pia ndiye alitunga densi. Ni "Romeo and Juliet" ya Shakespeare imetolewa Italia ikapelekwa mitaa ya magharibi ya Manhattan. Upande mmoja kuna Jets, vijana wazungu, watoto wa familia zilizohamia Marekani kitambo kiasi. Upande ule mwingine kuna Sharks, vijana wa Puerto Rico. Tony, mwenye alianzisha Jets, anaangukia Maria, sistake Bernardo. Bernardo ndiye mkubwa wa Sharks. Hapo hata bila kuambiwa unajua kuna ngori. Muvi ilitoka 1961 na ikabeba Oscar 10, pamoja na ile ya muvi bora ya mwaka.

Na ndio, nitakuambia mwisho. Ukilalamika nimekuharibia, ulikuwa na zaidi ya miaka 60 ya kuicheki.

Kitu moja ya kuweka akilini: watu wa Puerto Rico wamekuwa raia wa Marekani tangu 1917. Kwa karatasi, Sharks si wageni. Lakini wanaambiwa warudi kwao kila siku, na polisi pia. Na huo mtaa wenyewe wanaokufia? Sehemu ya ile densi ya kwanza ilishutiwa kwa barabara za ukweli za West Side, nyumba zikiwa zimeshapangiwa kubomolewa ndio ijengwe Lincoln Center, ile kituo kubwa ya muziki na ballet. Steven Spielberg alivyoirudia hii muvi 2021, alianza kabisa na vifusi. Yaani mbogi mbili za masufferer zinatoana roho juu ya kipande cha ardhi chenye wakubwa washagawana. Mtu wa Nairobi haitaji kuelezewa hiyo mara mbili.

Sasa turudi kwa miguu, kwa sababu huko ndiko Robbins aliandika hii stori.

Ukiangalia ile sehemu ya mwanzo mara ya pili, usiangalie uzuri wa stepu. Angalia nani ana nafasi. Jets wakiwa peke yao wanadensi wakiwa wametanua mikono, barabara yote ni yao. Wakikutana na Bernardo akiwa solo, wanamzingira na ile nafasi yake inakuwa ndogo, anabaki na mahali pa kusimama tu. Anaondoka pole pole, anapiga ukuta ngumi. Alafu anapata wenzake wawili, na hao pia wanaanza kupiga vidole. Sasa ni Sharks wanajitanua. Hizo dakika zote karibu hakuna maneno, lakini ukimaliza unajua nani anamchukia nani, ilianza aje, na mbona haiwezi isha leo. Jaribu kuandika hiyo kwa mazungumzo uone kama hutahitaji nusu saa.

Muziki pia unakuchokoza makusudi. Bernstein alipenda kutumia noti mbili zenye umbali fulani kati yake ambao sikio halitulii nao. Ukizisikia unangoja ya tatu ije ituliza mambo, na yeye anakuchelewesha. Utazisikia kwa ile mluzi ya kwanza, utazisikia kwa wimbo wa "Cool", na hata kwa ule wimbo wa mapenzi Tony anamwimbia Maria. Kwa huo wa mapenzi noti ya tatu inakuja na roho inatulia. Kwa vita inabaki imening'inia hivyo.

Alafu kuna ile usiku ya densi ukumbini. Kama uliwahi kuona mashindano ya densi ya crew mtaani ama kwa TV, hii utaielewa kwa damu. Kuna mzee mmoja mpole amepanga hiyo sherehe na anataka vijana wachanganyike. Anawapanga mzunguko mbili, wavulana nje, wasichana ndani, muziki ukisimama unadensi na mwenye mmekutana naye. Plani nzuri kwa karatasi. Muziki unasimama, Jet anaangaliana na msichana wa Sharks, na papo hapo kila mtu anavuta manzi wake anarudi upande wake. Mambo inalipuka. Hapo vita vimeanza, ni vile tu bado hakuna kisu. Wanashindana nani anaruka juu, nani anazungusha dem wake haraka, nani atafanya ule mwingine aonekane mshamba. Watu wengi hukumbuka hapo kama ile sehemu ya raha ya muvi. Ni raha, ndio. Lakini ni kipimo cha nguvu, na wote ukumbini wanajua.

Robbins hakuwa anabahatisha. Wakati wa mazoezi ya Broadway alikuwa anatenganisha waigizaji wa Jets na wa Sharks, hata kula walikuwa wanakula mbali mbali. Alitaka ile chuki ishike hata wakiwa hawachezi. Ni njia mbaya ya kuishi na watu kazini, na sitaitetea, lakini unaona matunda yake kwa skrini. Kwa muvi ya 1961 alikuwa dairekta pamoja na Robert Wise, na alikuwa anarudia kipande kimoja tena na tena mpaka ratiba na bajeti zikamwagika. Wakamfuta kazi katikati. Kufikia hapo alikuwa ameshamaliza ile densi ya mwanzo, "America" na "Cool". Mwishowe alipata Oscar ya dairekta wakagawana na Wise. Ilikuwa mara ya kwanza watu wawili kupewa hiyo tuzo kwa muvi moja. Fikiria ufutwe kazi alafu uitiwe tuzo ya hiyo kazi.

Sasa hii ndio sehemu nataka uicheki polepole: zile mbogi zikikutana kupigana kwa ukweli, densi inapungua.

Wanakutana usiku chini ya barabara ya juu. Makubaliano ilikuwa ngumi, mtu mmoja kwa mmoja. Tony anakuja kutuliza, anachokozwa, mambo inaharibika, visu vinatoka. Riff wa Jets na Bernardo wanazungukana, na bado kuna stepu hapo, unaona miguu inahesabu. Kisha Bernardo anamdunga Riff. Tony, yule alikuja kuleta amani, anashika kisu na anamdunga Bernardo. Baada ya hapo stepu zinapotea. Ni watu wanasukumana, wanaanguka, wanaruka waya ving'ora vya makarao vikikaribia. Wale vijana walikuwa wanaruka pamoja kama mwili mmoja mwanzoni wamebaki kila mtu na miguu yake, wanatoroka. Na nyuma kuna miili miwili imelala chini.

Hapo ndio unaelewa mbona walikuletea densi yote ile mapema. Ulikuwa unafurahia hao wasee wakiruka. Ulikuwa unasema "huyu ni moto". Sasa yule alikuwa anaruka juu kuliko wote ametulia kwa lami na hataamka. Ingekuwa ni muvi ya ngumi kutoka mwanzo, ungekuwa ushazoea watu kuanguka.

Na kwa muvi ya 1961, "Cool" inakuja baada ya hivyo vifo, ndani ya gereji yenye dari iko chini, taa za magari zikiwamulika. Jets wamepoteza kiongozi wao na wanataka kutoka nje wakaue mtu, yeyote. Ice, mwenye amechukua uongozi, anawaambia watulie. Densi yote ni hiyo tu: mtu analipuka, anajivuta nyuma. Mkono unatoka kama ngumi, unarudi kifuani. Mwili mzima unatetemeka ukijizuia. Kwangu hicho ndicho kipande kali kuliko vyote, na hakuna hata mtu mmoja anapigwa ndani yake. Ilikuwa kazi ngumu ya magoti, kwa sababu sakafu ilikuwa ngumu na Robbins alikuwa harudii mara moja. Inasimuliwa kwamba walipomaliza, wacheza densi walichoma zile pedi zao za magoti nje ya ofisi yake.

Kuna kipande kingine naomba ukicheki ukiwa na akili timamu, kwa sababu ni kizito. Anita, manzi wa Bernardo, anatumwa duka la Doc na ujumbe wa kumwokoa Tony. Msee wake ameuliwa usiku huo huo. Anapata Jets ndani. Wanaanza kumziba njia, wanamtania kwa lafudhi yake, wanamzunguka, na muziki wa mambo uliokuwa raha ukumbini unarudi ukiwa umeharibika. Ni stepu, lakini hizi ni za kumbaka mtu, na zinasimamishwa tu Doc anapoingia. Rita Moreno, mwenye alicheza Anita na akashinda Oscar, ameeleza kwamba wakati wa kushuti hapo alivunjika akalia, kwa sababu ilimrudishia mambo aliyopitia maishani. Mastaa wenzake walisimama kumbembeleza.

Ukiuliza densi ilisaidia nini hapo, jibu ni hili. Huwezi sema "ni mmoja wao alikuwa mbaya". Wanasonga pamoja, kwa biti moja, vile tu walisonga ile mwanzo uliyoipenda. Ule umoja ulikuwa unakufanya utamani kuwa kwa mbogi ndio huo huo unamkandamiza msichana sakafuni. Na Anita akiponea, kwa uchungu anawadanganya kwamba Maria ameuliwa. Huo uongo ndio unampeleka Tony barabarani kutafuta risasi. Kwa muvi ya 2021 Rita Moreno alirudi, akiwa na miaka karibu 90, kama Valentina mwenye duka, na sasa ni yeye ndiye anaingia kuwasimamisha. Sijui mtu anaweza kuangalia hiyo bila koo kukaza.

Lakini nisikudanganye kwamba densi huwa upande wa ukweli kila saa. Inaweza kukuuzia mauaji pia, na muvi moja ilijua hivyo ikakuchezea shere.

"Chicago" ya 2002, ya dairekta Rob Marshall, ilibeba Oscar 6. Kuna sehemu inaitwa "Cell Block Tango". Wanawake sita jela wanaeleza kila mtu alivyomada mwanaume wake, ama alivyoshtakiwa kumada. Ni tango, luku ni noma, na damu inaonyeshwa kwa kitambaa chekundu kinachovutwa kutoka kwa mwanaume. Mmoja wao alikasirika tu sababu jamaa alikuwa anapasua chingamu. Na wewe uko hapo unagonga mguu, unawashangilia! Alafu anakuja mwanamke mmoja wa kutoka Hungaria. Anaongea lugha yao, wengi hawamwelewi. Kitambaa chake ni cheupe. Yaani hakuua. Wengi hupitwa na hiyo kwa sababu stepu hazisimami. Baadaye huyo ndiye anayenyongwa, na muvi inaonyesha kunyongwa kwake kama mchezo wa mazingaombwe, watu wakipiga makofi. Wenye wanajua kucheza mbele ya kamera wanatoka huru.

Na si uongo mtupu. "Chicago" ilitokana na mchezo wa 1926 ulioandikwa na Maurine Dallas Watkins, mwanahabari wa Chicago Tribune. Mwaka wa 1924 aliripoti kesi za Beulah Annan na Belva Gaertner, wanawake wawili walioshtakiwa kuua. Magazeti yaliwafanya mastaa. Wote wawili waliachiliwa. Kwa hiyo ukijipata unashangilia ile tango, jua wewe ndiwe ile kamati ya mahakama.

Michael Jackson naye alichukua njia ya tatu. Video ya "Beat It", 1983, imekopa wazi wazi kutoka kwa "West Side Story": mbogi mbili, usiku, bohari, viongozi wawili wamefungwa mikono pamoja na visu viko nje. Michael Peters alitunga densi na pia ni mmoja wa hao wawili wenye visu. Kati ya wale wasee wengine kulikuwa na wanachama wa ukweli wa magenge ya Los Angeles, si waigizaji. Michael anaingia kati, anawatenganisha, na wote wanajipanga nyuma yake kudensi. Ni tamu, nimeiangalia mara hazihesabiki. Lakini naona pia inakubali haraka sana. Hakuna mtu ameuliwa ndio deni ibaki. "West Side Story" ilikuwa na roho ya kusema kwamba stepu zinaweza shindwa.

Wengi huuliza kati ya ya 1961 na ya 2021 gani ni kali. Ya zamani ina doa moja kubwa: George Chakiris, mwenye alikuwa Bernardo na akashinda Oscar, familia yake ni ya Wagiriki, na Sharks walipakwa rangi ya kahawia usoni, hata Rita Moreno mwenye ni wa Puerto Rico kwa kuzaliwa. Spielberg alirekebisha hiyo, Sharks wake ni Walatino. Densi akampa Justin Peck. Vita vikubwa viko ndani ya bohari la chumvi na hapo stepu ni kama zimeondolewa, ni kuchapana kwa ukweli. Inatisha, lakini mimi bado nachukua ile ya zamani, kwa sababu hapo unaona densi ikifa mbele yako.

Kwa "Cool" ndio Peck amenimaliza. Ameihamisha ikaja kabla ya vita. Ni Tony anajaribu kumnyang'anya Riff bunduki mpya, juu ya gati bovu lenye mashimo kwa mbao. Bunduki inapita mkono kwa mkono kama mpira, kila mtu anacheka, na wewe unahesabu mashimo. Hiyo bunduki ndiyo Chino anakuja kuokota baadaye. Ndiyo inamuua Tony.

Na sasa ule mwisho wa 1961. Steringi hafi, si ndio husema? Huyu anakufa, kwa ule uwanja wa basketi wa mwanzo, mikononi mwa Maria. Bernstein alijaribu kumwandikia Maria wimbo mkubwa wa hapo, akashindwa, akaacha maneno matupu. Maria anashika bunduki na kuongea tu. Hakuna wimbo, hakuna densi. Kisha Jets wanainua mwili wa Tony na unawalemea, na wasee wawili wa Sharks wanakuja kushika upande ule mwingine. Wanaondoka naye. Miguu haihesabu chochote, wanatembea tu ile ya kawaida, pole pole, ndio wasimwangushe.